Vipele vya vinyweleo vinavyorudi palepale

Mtu anayekuja zahanati na vipele vyenye usaha kwa mara ya tatu au ya nne ndani ya mwaka mmoja huwa tayari ana jibu lake: damu imechafuka, na anachotaka ni sindano ya kuisafisha, au vidonge vikali kuliko vile vya mara iliyopita. Nimekuwa afisa tabibu hapa Kigoma, kati ya Ujiji na Mwanga, kwa muda wa kutosha kuelewa kwa nini jibu hilo linawaridhisha watu. Linaeleza jambo ambalo kweli linasumbua akili, yaani kwamba dawa ilitumika, vipele vikakauka, na baada ya wiki chache vikatokea tena, mara nyingi palepale vilipokuwa. Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba hapo palepale ndipo pa kuanzia. Mahali vipele vinaporudi, na jambo lililotangulia siku chache kabla havijarudi, hunieleza mengi kuliko rangi ya usaha au wingi wake, na ndiyo maana mgonjwa wa namna hii namwuliza maswali ya wapi na lini kabla sijagusa karatasi ya dawa.

Kila unywele mwilini huota kutoka kwenye kijifuko chembamba kilichozama ndani ya ngozi, ambacho ndicho kinyweleo. Kijifuko hicho kina mdomo unaofunguka juu ya ngozi, na ubavuni mwake imo tezi ndogo inayomwaga mafuta ndani yake. Mdomo huo ukiziba, ukikwaruzwa na wembe, ukikaa na jasho chini ya nguo iliyobana, au ukiingiliwa na bakteria au fangasi, kinyweleo huvimba na kutunga usaha kidogo. Kwenye ngozi nyeusi usitarajie wekundu ule unaoonyeshwa kwenye picha nyingi za vitabuni. Utaona zaidi kipele cheusi kuliko ngozi inayokizunguka, au chenye rangi ya zambarau iliyofifia, chenye kichwa cheupe au cha manjano juu yake. Ishara ninayoitafuta kwanza ni unywele unaopenya katikati ya kipele. Huwa nawasha tochi ya simu na kuielekeza kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha mwinuko wa kila kipele na ule unywele uliosimama katikati, jambo ambalo mwanga wa dirishani hauonyeshi. Viganja na nyayo hazina vinyweleo, kwa hiyo vipele vya usaha vilivyotokea huko vina sababu nyingine na vinahitaji uchunguzi wake.

Yako magonjwa yanayofanana na haya, na ni vyema kuyatenga mapema. Upele wa kuambukizana huwasha zaidi usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na kwa kawaida watu wa nyumba moja hujikuna pamoja. Chunusi za kawaida huandamana na vichwa vyeusi vidogo vilivyoziba vitundu vya uso na mgongo. Muwasho unaoanza muda mfupi baada ya kuoga ziwani, kwenye sehemu za mwili zilizokuwa majini, unaweza kuwa wa vimelea vya kichocho vilivyopenya ngozi, na mtu huyo anahitaji kupimwa kichocho, si kupewa sabuni ya dawa. Vipele vilivyoanza pamoja na homa na kuvimba kwa tezi, hasa vikiwa na maji na kusambaa usoni, viganjani au sehemu za siri, vipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tukishaondoa hayo, mhusika wa mara kwa mara ni bakteria aitwaye stafilokokasi. Huyu hukaa kwenye ngozi na, zaidi ya yote, ndani ya pua. Takribani mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila dalili yoyote, na kutoka puani bakteria huyo huhamia vidoleni, kutoka vidoleni hadi shingoni, mapajani, makalioni na kila mahali mkono unapofika kukuna. Akiingia juujuu tu ya kinyweleo, hutoa kipele kidogo cha usaha kinachokauka chenyewe kwa siku chache. Akizama hadi kwenye shina la unywele, tunapata jipu, na majipu kadhaa yakishikana chini kwa chini huwa uvimbe mmoja mkubwa wenye midomo mingi, ambao huleta homa na kumlaza mtu kitandani.

Kwa vipele vichache vya juujuu, tiba ya nyumbani inatosha, na nasema hivyo nikijua kwamba watu wengi huona wamedharauliwa wasipoandikiwa vidonge. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, pima joto lake kwa upande wa ndani wa mkono, kisha kiweke juu ya eneo hilo kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Joto hilo hufungua mdomo wa kinyweleo na kuuachia usaha njia yake. Osha eneo hilo kwa sabuni yenye dawa ya kuua vijidudu, kama ile ya kloheksidini ya asilimia 4, ukiilinda isiingie machoni na masikioni, au tumia ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ukikumbuka kwamba hii ya pili hupausha nguo, kwa hiyo usijifute kwa kanga unayoipenda. Acha kunyoa hapo mpaka pamepona. Usikamue. Kipele kinachokamuliwa kwa kucha hupasukia ndani badala ya nje, na kile kilicho puani au juu ya mdomo wa juu kina hatari ya pekee, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo huungana na ile ya ndani ya fuvu.

Vinaporudi baada ya hayo yote, ndipo ninapoanza kuifikiria pua ya mgonjwa na pua za watu anaokaa nao. Mpango unaokubalika kwa mtu mwenye majipu au vipele vya stafilokokasi vya kujirudia ni kupaka marhamu ya mupirosini ya asilimia 2 ndani ya pua zote mbili, mara mbili kwa siku kwa siku 5, na katika siku hizohizo kuoga kila siku kwa sabuni ya kloheksidini, huku taulo, shuka, foronya na nguo za ndani zikibadilishwa na kufuliwa kila siku. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayoachwa, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu taulo moja hutumiwa na watu wanne, huanikwa ndani nyuma ya mlango, na haikauki vizuri kipindi chote cha masika. Mgonjwa akisafishwa pua asubuhi, kisha jioni akajifutia taulo hilo, amekirudisha alichokiondoa. Kila mtu awe na taulo lake, lifuliwe kwa maji ya moto, lianikwe juani na kukauka kabisa, na ikiwezekana lipigwe pasi. Wembe nao usiazimwe, hata na ndugu wa tumbo moja.

Sasa niseme juu ya ndevu na kisogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakiteseka na kutumia fedha nyingi kwenye dawa zisizohusika kabisa. Nywele zetu za kipilipili hujikunja, na kinyweleo chenyewe kimepinda chini ya ngozi. Unapokata ndevu karibu sana na ngozi kwa wembe, ncha ya unywele hubaki kali kama ya mkuki, na inapoanza kuota tena hujipinda na kuchoma ngozi kando ya pale ilipotokea, au hupenya ukuta wa kinyweleo kabla haijafika nje. Mwili huupokea unywele huo kama mwiba, hivyo panavimba, pengine panatunga usaha, na baadaye panaacha doa jeusi. Hivi ndivyo vipele vya ndevu. Ukivitazama kwa karibu chini ya kidevu utaona unywele uliojikunja kama kitanzi, ncha yake moja imo ndani ya ngozi na nyingine pia imo ndani, na katikati umeinuka upinde mdogo mweusi. Nimewaonyesha vijana wengi kitanzi hicho kwa kioo na tochi, na mara nyingi wakishakiona wenyewe huacha kunidai sindano.

Tiba yake ya kwanza ni kuacha kunyoa kabisa kwa wiki 4 au zaidi. Wiki ya kwanza au ya pili hali huweza kuonekana mbaya zaidi, na wengi hukata tamaa hapo, lakini unywele ukifikia urefu wa karibu sentimita 1 hujifyatua wenyewe kutoka kwenye ngozi na uvimbe hutulia. Kitanzi kinachoonekana wazi kinaweza kuinuliwa kwa ncha ya sindano mpya, kwa upole, hadi ncha itoke nje. Kung'oa unywele huo kabisa hakusaidii, maana utakaoota badala yake utachoma tena, pengine ukiwa ndani zaidi. Anayelazimika kunyoa kwa sababu ya kazi, na hapa nawafikiria askari na walinzi ambao wakubwa wao hawataki kuona ndevu, apunguze kwa mashine inayobakiza takribani milimita 1 juu ya ngozi. Akitumia wembe, basi ndevu zilowe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na povu, wembe uwe mpya, upite mara moja tu kufuata upande zinakolalia ndevu, na ngozi isivutwe kwa mkono mwingine. Kuvuta ngozi huipa sura ya kulainika siku hiyo, lakini ngozi ikiachiliwa, ncha za nywele huzama chini yake. Maelezo hayohayo yanahusu vipele vya kinenani na kwapani vinavyotokea baada ya kunyoa kwa wembe, kwa wanawake na kwa wanaume, na huko pia mashine au mkasi ni salama kuliko wembe.

Kisogoni hali huanza kwa namna inayofanana, lakini mwisho wake ni mgumu zaidi. Vipele vidogo vigumu hutokea kwenye mstari wa chini wa nywele, huwasha baada ya kunyolewa, huja na kuondoka, kisha siku moja mtu anagundua haviondoki tena. Vikiachwa hivyo kwa miaka hugeuka makovu magumu yaliyovimba, hushikana kuwa bonge, na nywele za eneo hilo hupotea moja kwa moja. Huwapata zaidi wanaume weusi, kuanzia baada ya kubalehe. Kunyoa karibu na ngozi na kola ngumu zinazosugua shingo huzidisha hali hiyo, ingawa si sababu pekee. Nawaomba vinyozi wa Mwanga na wa Soko la Kigoma wanisikie hapa kwa nia njema, maana najua kwamba mteja ndiye anayedai kisogo kichongwe mpaka king'ae. Mteja akiinama ukaona vipele hivyo, mwambie. Weka kitana cha mashine, bakiza nywele kidogo, usichore mstari wa shingo kwa wembe, na usipitishe mashine juu ya kipele kinachotoa damu. Damu yenyewe ni jambo la kuogopwa, kwa kuwa kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kupangusa mashine juujuu kwa spiriti huku vipande vya nywele na damu vimekaa katikati ya meno yake hakutoshi. Itenganishe, ipige brashi, ioshe, ndipo uitie dawa. Mteja ambaye uwezo unamruhusu anunue mashine yake mwenyewe na kwenda nayo.

Kisogo kikiwahiwa, mtaalamu anaweza kumpa mgonjwa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe kwa muda aliompangia, pamoja na ya kuua bakteria, na wakati mwingine vidonge vya kuua bakteria vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Makovu yaliyokwisha kuvimba huchomwa sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kovu lenyewe, kwa awamu, na mabonge makubwa hupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Nimemwona kijana aliyevaa kofia ya sufu mchana wa joto la Septemba kwa sababu ya kuficha kisogo chake, naye hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitano. Ningependa vijana wenzake waje kabla ya kufikia hapo, wakati vipele vikiwa bado vya kuhesabika.

Mgongo, kifua na mabega hunipeleka njia nyingine kabisa. Mama mmoja alimleta mwanawe wa kidato cha tatu, vipele vimejaa mgongoni vyote vikiwa na ukubwa mmoja, vidogo kama punje za ulezi, na mtoto alikuwa akijikuna huku nikizungumza na mama yake.

"Daktari, amemaliza dozi mbili za vidonge vya rangi mbili, na vipele vinazidi," mama alisema.

"Mama, akishaoga anapaka mafuta gani?"

"Ya mise tu, daktari. Ndiyo tuliyokulia."

Kila kitu kilikuwa ndani ya sentensi hizo mbili. Vipele vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vilivyokaa sehemu ya juu ya mgongo na kifua, na ambavyo huongezeka mtu anapokunywa dawa za kuua bakteria, kwa kawaida ni vya fangasi aitwaye malasezia. Fangasi huyu anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima. Hawezi kujitengenezea mafuta anayoyahitaji, huyachukua kwenye ngozi, na hata maabara wakitaka kumwotesha humwekea mafuta ya zeituni. Bakteria wa ngozi wakiuawa kwa vidonge, yeye hubaki peke yake na nafasi yote. Mtu akitoka jasho na juu ya jasho hilo akapaka mafuta mazito, anakuwa amemwandalia chakula. Siwezi kuyasema vibaya mafuta ya mise, yanayotokana na kokwa za michikichi yetu, kwa kuwa miguu na mikono iliyokauka kipindi cha kiangazi huyapokea vizuri. Ninachosema ni kwamba mgongo wa kijana anayetoka jasho, tena wenye vipele, usipakwe mafuta hayo, wala mafuta mengine ya mgando. Nilimwandikia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, aipake mgongoni wakati wa kuoga na kuiacha dakika 5 kabla ya kuisuuza, na nikamwomba abadilishe shati la shule mara anaporudi nyumbani. Wenye hali nzito hupewa vidonge vya fangasi kama flukonazoli, kwa maelekezo ya mtaalamu na baada ya kuulizwa dawa nyingine wanazotumia. Kwa kuwa fangasi mwenyewe haondoki moja kwa moja kwenye ngozi, wengi hulazimika kuendelea na shampuu hiyo mara moja kwa wiki ili vipele visirudi.

Mafuta hayahitaji fangasi ili yadhuru kinyweleo. Mafundi wa injini za maboti kule Kibirizi hupata vipele vyeusi vigumu mapajani na kwenye mikono ya mbele, pale ovaroli iliyolowa oili na grisi inapogusa ngozi kutwa nzima. Dawa yake ni ovaroli safi na maji na sabuni mara baada ya kazi, si petroli ya kujisafishia, ambayo huiunguza ngozi iliyokwisha kuumia.

Kwa akina dada na watoto wa kike, vipele vya usaha vilivyopangana kwenye paji la uso na juu ya masikio, siku chache baada ya kusukwa, vinatokana na msuko uliovutwa mno. Fumua. Anayeambiwa avumilie maumivu ya msuko kwa sababu eti baada ya siku tatu utalegea ajue kwamba vinyweleo vinavyovutwa hivyo mara kwa mara hatimaye hufa, na nywele za mbele hazirudi.

Lipo eneo moja ambalo naomba lisichukuliwe kwa wepesi, nalo ni kwapa, kinena na chini ya matiti. Majipu yanayorudi huko miezi kwa miezi, yanayopasuka na kuacha mifereji chini ya ngozi inayotoa majimaji yenye harufu, pamoja na vichwa vyeusi vilivyokaa viwili viwili, si majipu ya kawaida. Ni ugonjwa wa vinyweleo wenye jina lake kitabibu, hidradenaitisi, unaotokana na kinga ya mwili kushambulia vinyweleo vilivyoziba. Hautokani na uchafu, wala hauambukizi kwa kulala kitanda kimoja au kuchangia vyombo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wagonjwa wake hunong'ona wanapouelezea, na wapo wanawake ambao ndoa zao zimeyumba kwa ajili ya harufu na aibu hiyo. Sigara na unene huuzidisha. Hutibiwa kwa miezi, kwa doksisaiklini au dawa nyingine zenye kutuliza uvimbe, na mifereji iliyokomaa huhitaji upasuaji wa kuiondoa yote. Kupasua jipu mojamoja kila linapotokea hutuliza maumivu ya siku hiyo tu.

Mtu mzima ambaye majipu na vipele vimemwanza bila sababu inayoonekana, tena vikimrudia, simruhusu aondoke bila kupimwa sukari. Kisukari hujitambulisha kwa njia hiyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikarudiwa na kusoma hivyo tena, tumepata chanzo ambacho hakuna sabuni ingekiondoa. Nashauri pia kipimo cha VVU, nacho nakizungumza waziwazi na kwa staha. Vipele vinavyowasha vikali usoni, shingoni na sehemu ya juu ya mwili, visivyosikia dawa za bakteria, vinaweza kuwa vya vinyweleo vinavyowatokea watu wenye VVU ambao chembe zao za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka, hasa chini ya 250. Dawa za kufubaza virusi huvituliza kadiri kinga inavyopanda. Vinaweza hata kuchomoza katika miezi ya kwanza ya kuanza dawa, wakati kinga inaamka, na mtu asiyeelezwa hilo hudhani kwamba dawa zimemkataa akaziacha. Asiziache, arudi kliniki yake na kuonyesha vipele hivyo.

Nina neno zito kuhusu krimu. Madukani inapatikana kirahisi krimu yenye dawa tatu ndani yake, ya steroidi, ya bakteria na ya fangasi, na watu huipaka kwenye kila kitu kinachotokea ngozini. Siku za mwanzo vipele husinyaa, kwa kuwa steroidi hunyamazisha uvimbe, huku fangasi au bakteria akiendelea kuishi chini yake. Mwezi wa pili ngozi imekuwa nyembamba, vinaota vipele vipya vilivyoletwa na steroidi yenyewe, na kila anapoiacha uso unawaka moto. Mikorogo ya kujichubua hufanya hayohayo na zaidi, maana nyingi zina steroidi kali, na baadhi zina zebaki. Kinyweleo kilichovimba chini ya mkorogo hakitapona mpaka mkorogo uachwe, na kuuacha kunahitaji usimamizi ili ngozi isifumke.

Vidonge vya kuua bakteria navyo nina shaka navyo jinsi tunavyovitumia. Vina nafasi yake: vipele vikiwa vingi na vimesambaa, jipu likiandamana na homa, au likiwa kubwa kwa mtu mwenye kisukari, flukloksasilini au dawa ya aina yake huokoa. Lakini kununua vidonge sita dukani, kula vinne na kumwachia mwenzako viwili, huku kila mara vipele vikirudi, ni kuwafundisha bakteria namna ya kuishi na dawa hiyo. Mtu aliyekwisha kutumia dozi mbili bila nafuu aombe usaha wake uchukuliwe na kuoteshwa kwenye maabara ya hospitali ya rufaa ya mkoa, ili ijulikane ni mdudu gani na dawa ipi bado inamweza. Doksisaiklini, ambayo nimeitaja mara kadhaa, wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 wasipewe kwa vipele hivi, na anayeitumia aimeze kwa maji mengi akiwa amekaa wima na ajikinge na jua kali.

Homa, wekundu au weusi wa joto unaosambaa kuzunguka kipele, uvimbe unaofunga jicho, michirizi inayopanda mkono au mguu, au maumivu yasiyolingana na ukubwa wa kipele, hayo yote si ya kusubiri asubuhi.

Kwa yasiyo ya haraka, ukipanga kwenda kumwona mtaalamu wa ngozi, ujue kwamba si lazima awe daktari bingwa wa Dar es Salaam. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimekuwa kikiwafunza maafisa tabibu kazi hii ili ifike mikoani, kwa hiyo ulizia hospitalini kwanza kabla ya kukata tiketi ya treni. Vipele vina tabia ya kutulia siku ya miadi, hivyo vipige picha kwa simu vinapokuwa vibichi, kwa mwanga wa ubavuni kama nilivyoeleza, na uandike tarehe pamoja na ulichokifanya siku tatu kabla yake: kunyoa, kusukwa, kuvaa nguo mpya ya nailoni, kupaka mafuta mapya. Usipake kitu chochote asubuhi ya siku hiyo. Kisha tia kwenye mfuko krimu zote, mafuta yote, sabuni na pakiti za vidonge ulizotumia tangu tatizo lianze, hata kikopo kisicho na lebo ulichopewa na jirani, uje nazo zote tuzimwage mezani.